Njia Isiyoenda Popote

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba sijui kutembea alikuwa mkuu wangu wa kazi, na aliniambia hivyo mbele ya wanafunzi. Nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi ya Murara, mtaa wa Goma, na yeye ndiye aliyeiongoza. Sote tulimwita Mama Direktrisi, kuanzia walimu hadi wauza maandazi wa langoni, na hata alipostaafu jina lilibaki palepale. Siku hiyo nilikuwa navuka uwanja wa shule kichwa chini, mbiombio, kama kawaida yangu. Akanisimamisha.

"Mwalimu, nani iko nakufukuza?"

"Hakuna mutu, Mama Direktrisi."

"Basi tembea kama mutu mwenye hawafukuze."

Wanafunzi walicheka. Niliona haya, kisha nikakasirika, na hasira hiyo nikaitunza hadi Jumamosi, nikaenda kwake kumwambia kwamba si vizuri kumwaibisha mwalimu mbele ya watoto. Nilimkuta anafunga mlango, bote za plastiki miguuni, kikwembe, kitenge chake, amekikaza juu ya magoti. "Umefika saa muzuri," alisema. "Twende." Nikamfuata. Hasira ya mtu hakuwa anaijibu, alikuwa anaipa kazi.

Mtu asiyeishi Goma huenda asielewe kwa nini kutembea tu kulikuwa jambo la ubishi. Hapa kwetu miguu ina kazi mbili, kubeba na kukimbia. Tumekimbia volkano, tumekimbia risasi, tumekimbia uvumi wa risasi, na siku ambazo hatukukimbia tulikuwa na gunia kichwani au mtoto mgongoni. Mtu anayekwenda vilimani mikono mitupu, polepole, akitazama miti, huonekana ama mwendawazimu ama mpelelezi. Mama Direktrisi alijua hayo yote, na ndiyo yaliyomtia moto. "Wametunyang'anya mingi," alikuwa akisema. "Hii ya kutembea hawaiguse."

Njia yake ilianzia nyuma ya nyumba za mwisho za mji, pale ambapo mawe ya volkano bado ni meusi na yanakata viatu. Ukivuka hapo unaingia kwenye uwanda wa vichaka vifupi visivyopita kiuno, mawe yameota manyoya ya kijivu, nyuki ni wengi, na ukikanyaga majani inapanda harufu ya dawa. Baada ya vichaka kuna msitu wa mikaratusi. Ukitoka msituni njia inakizunguka kilima kiunoni, inashuka kupitia mashamba ya maharage, na kukurudisha ulipoanzia. Ni njia nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwingine. Haifiki sokoni wala kanisani. Wazee wa kilimani wanasema zamani watu waliipita kwenda kuposa upande wa pili, kabla barabara kubwa haijawafundisha kuposa kwa simu. Wakati wetu haikuwa na kazi yoyote, na hilo ndilo alilolipenda.

Usidhani alikuwa mtu wa kupanda milima. Vilele alividharau. Kijana mmoja wa jirani, kinyozi, aliyekuwa akitufuata Jumamosi nyingine na nyingine kukosa, alimwomba siku moja tupande hadi juu ya kilima tuone ziwa. Mama Direktrisi alimtazama kwa huruma. "Kule juu kuko nini? Upepo. Na upepo iko hata Murara." Tulizunguka. Kinyozi alipanda peke yake, akashuka akihema, akasema ameona ziwa. Mama akamuuliza kama lilikuwa bado mahali pake.

Na usidhani tena kwamba alikuwa mtu wa kutembea kila mahali. Mama yule yule aliyetutoa jasho kwenye mawe alikuwa akipanda pikipiki kwenda kwenye misa, na kanisa lilikuwa karibu sana hata mwenye pikipiki aliona aibu kupokea nauli. Nilimtania. Akanijibu kwamba kwenda kanisani ni safari, na safari ni kazi, na kazi mtu huifanya kwa namna iliyo rahisi. Kutembea ni kitu kingine. Vilevile hakuogopa askari, hakuogopa radi, lakini mbuzi aliwaogopa kwa dhati. Tukikutana na mbuzi njiani alinishika mkono wa shati na kunitanguliza, huku akiendelea kuniambia mambo ya ushujaa.

Alikuwa na sheria moja. Tangu nyumba za mwisho hadi msituni, hakuna kuzungumzia habari. Nani ameteka wapi, nani amekimbia, bei ya unga, vyote vilikatazwa. Ukijisahau ukaanza, alikuwa akisema, "Habari ibaki chini, itatungojea tu." Mkiingia kwenye mikaratusi ruhusa ilikuwa wazi, ungeweza kusema lolote, hata kulia. Lakini mara nyingi mtu akifika hapo pumzi zilikuwa zimempunguzia maneno. Tulikaa kwenye magogo, tukala viazi vitamu baridi na kipande cha fromaji, jibini ya Masisi, tukasikia majani yakisugua. Mimi ambaye nilikuwa sijui kukaa kimya, nilijifunza pale.

Nitasema habari za fundi wa nguo, maana yeye ndiye aliyenifanya niache kuyaona matembezi yale kuwa ni upuuzi wa mama aliyestaafu. Alikuwa ametoka mji wa Kiwanja, kwenye vita. Alikimbia na cherehani yake hadi Kalengera, hapo cherehani ikamshinda, akaiacha kando ya barabara, akaingia Goma na furushi moja kichwani. Jumamosi ya kwanza alikuja nalo: sufuria, shuka, bahasha ya vyeti, nguo za watoto ambao walikuwa salama kwa dada yake, hapo Murara. Nilifikiri hakuelewa. Nikataka kumweleza kwamba tunarudi jioni. Mama Direktrisi akanikanyaga mguu.

Tukatembea naye hivyo, sufuria ikigongagonga. Jumamosi iliyofuata sufuria haikuwapo. Baadaye shuka. Bahasha ilidumu muda mrefu kuliko vyote, aliibana kwapani, na Mama akawa anamuuliza habari za mishono na vitambaa kana kwamba haioni. Kisha ikaja asubuhi moja fundi akatokea mikono mitupu. Alitembea mbele yetu kwenye vichaka, akiitupa mikono huku na huku, hajui aiweke wapi. Alipofika msituni akaanza kucheka peke yake. Mama Direktrisi akageuka upande wangu na kupenga kamasi kwenye kitambaa. "Nyuki ya hapa ni mbaya," alisema. Hakuna nyuki aliyemuuma.

Mimi sikuwa na ujasiri wao. Wakati vizuizi vilipoongezeka pembeni mwa mji, nilishauri tuchukue angalau kitu cha kuonyesha, tufanane na watu wengine. Mama Direktrisi alikataa. Alisema hatamdanganya mtu kuhusu miguu yake mwenyewe. Basi nikachukua mimi, bidoni, dumu la njano, tupu, nikaishika kama mtu anayekwenda kuteka maji. Nilijiona mjanja sana. Pale kwenye kizuizi askari kijana akatusimamisha.

"Munaenda wapi?"

"Tunatembea," Mama akasema.

"Munatembea kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi."

Askari akamwacha, akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyeonekana kuwa na akili. "Na wewe?"

"Kuteka maji," nikasema.

Akatazama bidoni. Akatazama mawe meusi yaliyoenea hadi mwisho wa macho, ambapo tangu dunia iumbwe hakujawahi kupita kijito, mvua yote inazama kwenye nyufa na kupotea. Mtoto yeyote wa Goma anajua kwamba maji yako chini, ziwani, na hakuna anayepanda kuyafuata. "Maji gani huku, papa?" Akawaita wenzake. Wakanikalisha chini, wakanivua viatu, wakavikagua. Mama Direktrisi alikaa kando yangu, akamwita yule askari "mutoto yangu", akamuuliza alisoma wapi na nani alikuwa mwalimu wake. Ikatokea kwamba askari aliishia darasa la nne. Mama akamuuliza jedwali la saba, la kuzidisha. Kijana akalisema, akakwama katikati, akacheka kwa haya, akaturuhusu. Tulipofika kwenye vichaka Mama akanyoosha mkono, nikampa bidoni, akaitundika kwenye kichaka. "Ikae hapa," akasema. "Mutu mwenye kusema kweli anapitaka haraka." Kuanzia siku hiyo yule askari alipotuona alisema tu, "Batu ya kutembea," na kunyanyua kamba.

Sasa niseme juu ya desturi ya kilima kile, kwa sababu ndiyo iliyoleta vita vikubwa vya Mama. Pale kwenye mashamba ya maharage, mvua zikianza, mkulima analima shamba lake lote na njia ndani yake. Jembe halibagui. Njia inapotea, inakuwa udongo mwekundu na mbegu. Lakini mpita njia ana haki ya kupita juu yake vilevile, mahali ilipokuwa, na mkulima halalamiki, au akilalamika haendi kwa shefu wa kijiji. Nyayo zinairudisha njia. Ila ikiwa tangu kupanda hadi kuvuna hakupita mtu hata mmoja, maharage yakasimama pale yakakomaa, basi njia imekufa, na mwenye shamba ni mwenye njia. Shefu huja mwenyewe kuangalia.

Kwa hiyo kila msimu Mama Direktrisi alikuwa wa kwanza kupita juu ya udongo mbichi, na bote zake, bila kupunguza mwendo. Mama mmoja mkulima alimwona akasimama na jembe lake.

"Mama, uko nakanyaga maharagi yangu."

"Mi nakanyaga njia. Maharagi njo imenifuata."

Wakatukanana vizuri sana, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na Kinande kidogo mwishoni. Jumamosi iliyofuata Mama alibeba mfuko wa mbegu, akauweka kwenye tuta la shamba, hakuomba msamaha wala kusalimia, akapita tena palepale. Msimu mwingine yule mkulima akawa anatuwekea mahindi ya kuchoma. Matusi yaliendelea, lakini sasa walikuwa wakiyasema wameketi.

Halafu papa mmoja, mzee mwenye pesa wa mjini, akanunua mashamba mawili ya maharage, pale njia inapotoka msituni, moja juu na jingine chini, na njia yetu katikati. Akataka yawe kiwanja kimoja, na ukuta wa mawe kukizunguka. Sikumlaumu kwa kutaka nyumba. Lakini akiziba pale, mzunguko wote umekatika, msitu unabaki upande mmoja na kilima upande mwingine. Mama Direktrisi alikwenda kwa shefu, akanichukua. Yule papa alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kiti kizuri.

"Hii njia inaenda wapi?" shefu aliuliza. Alijua, lakini ilibidi isemwe.

"Inazunguka kilima, inarudi," Mama akasema.

"Basi haiende fasi yoyote," yule papa akasema, akatabasamu.

"Njo maana hamujaipata bado. Zote zenye kuenda fasi mumeshaweka kamba na ukuta. Tumebaki na hii."

Shefu alikuwa mtu wa kuogopa pande zote. Akasema desturi ndiyo itakayoamua: msimu huo njia ipitwe, au isipitwe, yeye atakuja kuangalia. Yule papa akakubali haraka, na mimi nikajua kwa nini. Watu walikuwa wakisema vita vinakaribia. Nani angetembea vilimani msimu huo?

Vita vikaingia mjini kweli. Mimi nilikuwa Butembo, nimekwenda kumzika mjomba, barabara ikafungwa nyuma yangu, nikakaa huko nikisikiliza redio na kula kwa watu. Kwa simu, mtandao uliporudi, fundi wa nguo aliniambia mawili matatu. Kwamba yule askari wa jedwali la saba hakuonekana tena. Kwamba mji uliponyamaza kidogo, watu bado wamejifungia, Mama Direktrisi alifunga kikwembe chake akatoka. Fundi akamfuata, kwa sababu alishindwa kumzuia. Walikuta udongo umelimwa pale penye mashamba mawili, na kwa makusudi mbegu zimepandwa mara mbili zaidi katikati ya njia. Wakapita. Wakapita tena wiki nyingine na nyingine. Kisha Mama akaanguka kwenye mawe meusi wakati wa kurudi, goti likapinda vibaya, na fundi alimbeba mgongoni hadi nyumba za kwanza. Fundi aliponiambia hilo akaongeza, "Mwalimu, hakuna kitu nilibeba kizito vile, na sikuchoka."

Niliporudi Goma nilikwenda Murara moja kwa moja. Binti yake alinifungulia, akiwa amekasirika. Alisema mama yake amekatazwa na daktari hata ngazi ya mlango, na kwamba Jumamosi kama hiyo nisimtafute nyumbani. "Uliza batu ya pikipiki." Nikauliza. Mwenye pikipiki alijua bila kutajiwa jina, akanizungusha kwa barabara kubwa hadi chini ya kilima, mahali pikipiki inapokomea, na kutoka hapo nikapanda kwa miguu kupitia maharage.

Kuta mbili zilikuwa zimesimama tayari, moja kila upande, mawe meusi yamepangwa vizuri, mafundi wamelala kivulini wakingoja amri. Katikati palibaki uwazi, na ndani ya uwazi, juu ya kiti cha plastiki cha yule mama mkulima, alikaa Mama Direktrisi. Mguu mmoja ameunyoosha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Amekonda. Mkulima mwenyewe alikuwa kando, ameegemea jembe.

"Mwalimu. Ulitembea ao ulikimbia?"

"Nilitembea, Mama."

"Sawa."

Alinieleza kwa kifupi. Siku ya mavuno ilikuwa karibu. Tangu alipoanguka, fundi wa nguo amepata kazi ya kushona sare na Jumamosi zake zimeliwa, nyayo zao zimefutwa na mvua, na papa anakana kwamba waliwahi kupita. Yeye mwenyewe analetwa na pikipiki, mkulima na mwanawe wanambeba hadi hapo na kiti. Lakini shefu amesema kukaa si kupita. Kwa hiyo anakaa akimngoja yeyote atakayetokea, ili amwambie apite, na yule papa amewaambia watu wa karibu kwamba atakayepita hatapata kibarua cha ukuta, ambacho hata mwana wa mkulima anakitegemea.

Hatukuwa tumemaliza mazungumzo walipotokea, shefu mbele na papa nyuma yake, wakipanda kwenye njia kwa mstari, papa amevaa viatu vya ncha, suruali imejaa vumbi. Papa alitupita, akaenda hadi ukingo wa msitu akionyesha mipaka kwa mkono, akarudi, akasimama mbele ya kiti.

"Shefu, ona wewe mwenyewe. Hapa hakuna mutu anapita. Ni huyu mama tu anakaa. Na huyu mwalimu amefika leo, hata hajavuka."

"Ni kweli, mi nakaa tu," Mama Direktrisi akasema kwa upole, na mimi niliyemjua nikashika roho. "Lakini, papa, gari yako umeiacha wapi?"

"Kule chini, ku barabara."

"Na toka kule mpaka hapa, na toka hapa mpaka ku msitu, umepita wapi?"

Mkulima aligeuza uso, mabega yakaanza kumtikisika. Shefu alitazama udongo. Alama za viatu vya ncha zilikuwa mbichi, zinakwenda na zinarudi, katikati ya maharage yaliyopandwa ili yasikanyagwe.

"Mimi nilikuya kuangalia tu," papa akasema.

"Hata sisi, papa, tunakuyaka kuangalia tu. Njo kazi ya hii njia."

Shefu alikohoa kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ni ugonjwa. Kisha akawaita mafundi, akawaambia waache nafasi, upana wa mtu na mzigo wake. "Msimu huu njia iko muzima," alisema, bila kumtazama yeyote. "Msimu wenye kukuya tutaangalia tena." Papa akapangusa vumbi suruali yake. Halafu ikambidi arudi kwenye gari lake, na hakukuwa na pa kupita ila palepale. Mama Direktrisi alimtakia mwendo mwema.

Walipokwisha shuka alicheka hadi akashika goti kwa maumivu. Nikamuuliza daktari amesema nini hasa.

"Amesema hii goti haitazunguka kilima tena. Nimemwambia sawa, daktari." Alitazama msitu. "Iliniuma, Mwalimu. Nililia siku mbili. Binti yangu hajui."

Nilimpenda mama yule, na sikuwa nimewahi kumwambia, na hata pale sikumwambia. Niliona jiwe bapa lililoachwa na mafundi, nikalivuta karibu na kiti chake, nikalipangusa vumbi, nikainama ili niketi naye.

"Usikae, Mwalimu," alisema. "Kukaa ni kazi yangu. Wewe pita."

Nikapita.